Wastaafu, Tukubali Kuvua Vyeo

Wako miongoni mwetu watu waliopokea barua ya kustaafu kwa mikono miwili, lakini mioyo yao imeikataa. Kwa kawaida mtumishi wa umma Tanzania hulazimika kustaafu akitimiza miaka 60. Siku hiyo hukabidhi funguo za ofisi na gari la serikali. Linalomshinda kukabidhi ni jina la "Mkurugenzi".

Tunawaona kila siku. Mzee huamka alfajiri, akavaa suti, akashika mkoba usio na faili hata moja, akaenda kuketi mapokezi ya ofisi yake ya zamani. Karani kijana asiyemjua humwamkia, "Shikamoo mzee, nikusaidie nini?" Mzee hununa kwa kuwa hakuitwa bosi. Akirudi nyumbani, mke na watoto huamrishwa kama matarishi.

Atakuwapo wa kuuliza: je, aliyelitumikia taifa maisha yake yote hastahili heshima? Anastahili, tena sana. Lakini heshima hiyo ni ya uadilifu na utu wake, navyo havikabidhiwi pamoja na funguo. Cheo ni nguo ya kuazima. Mwenyewe akiidai, mpe.

Tujifunze kwa Julius Nyerere. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu Pugu ili akitumikie chama cha TANU. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukiimarisha chama. Mwaka 1985 aling'atuka urais, na 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Akawa mkulima kwao Butiama. Je, alipungua? Hata kidogo! Warundi waliokuwa wakiuana walimpata kuwa msuluhishi wao, akaifanya kazi hiyo mpaka kifo chake mwaka 1999. Nasi hadi leo twamwita Mwalimu, kwa maana kufundisha ndiko kulikokuwa hulka yake, awe darasani au Ikulu.

Basi, mstaafu mwenzangu, jiulize ulipenda nini kabla hujapewa kiti. Kama ni kilimo, shika jembe. Kama ni hesabu, wafundishe watoto wa mtaani. Keti barazani na majirani wakuite kwa jina ulilopewa na wazazi. Nawe kijana uliyepandishwa cheo jana, anza leo kujizoeza kuishi bila hicho cheo, maana siku ya kukirudisha itafika.