Likateni Neno Kabla Hamjalikariri

Ndugu msomaji, weka vidole upande wa kulia wa shingo yako, kisha geuza uso kuelekea kushoto. Msuli unaojitokeza, uliolala mshazari kutoka juu ya kifua hadi nyuma ya sikio, unaitwa sternokleidomastoidi.

Wanafunzi wengi wa uuguzi na utabibu hulimeza jina hilo zimazima usiku wa kuamkia mtihani. Nawasihi wakufunzi wao: kabla ya kuwaambia walikariri, likateni. Litamkeni polepole, darasa liitikie: ster-no-kle-i-do-mas-to-i-di. Kwa matamshi yetu ni silabi tisa, na mkazo uko kwenye ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea katika Kiswahili.

Kisha fungueni vipande. Sternon kwa Kigiriki ni kifua, na kweli msuli unaanzia kwenye mfupa wa kidari. Kleis ni ufunguo, neno ambalo Wagiriki walilitumia pia kwa mtulinga, na hapo ndipo linaposhika shina la pili la msuli. Mastos ni titi, eidos ni umbo. Mastoidi ni kile kinundu cha mfupa nyuma ya sikio kilichofananishwa na titi, na msuli unaishia hapo. Mwanafunzi aliyeelewa jina ameshajua msuli unatoka wapi na unakwenda wapi. Mwambieni aguse kila mahali kwa mkono wake huku akitamka. Hilo halihitaji maabara wala fedha.

Faida yake itaonekana wodini. Mpigo wa ateri kubwa ya shingo hutafutwa mbele ya msuli huu. Mgonjwa wa pumu anayeukaza kila anapovuta pumzi anahangaika kupumua, naye ahudumiwe upesi. Mtoto mchanga anayelaza kichwa upande mmoja tu huenda msuli wake umejikaza. Apelekwe kliniki mapema, maana mazoezi ya kunyoosha huwasaidia wengi.

Yapo maneno ambayo silabi moja inageuza tiba. Haipa ni juu ya kiwango, haipo ni chini yake. Mwenye haipoglisemia amepungukiwa sukari katika damu na anahitaji kuongezewa. Mwenye haipaglisemia imemzidi. Muuguzi akilimumunya neno wakati wa kukabidhiana zamu, mwenzake anaweza kusikia kinyume. Kwa hiyo tamkeni kila silabi, na anayepokea taarifa arudie alichosikia.

Nanyi mnaokwenda hospitali, msione haya. Ukiandikiwa neno usilolielewa, muulize daktari au muuguzi kwa adabu: linasomwaje, na linahusu sehemu gani ya mwili wangu? Ni haki yako kuelezwa. Wakufunzi, msingoje mtaala mpya. Anzeni na kipindi cha kesho.