Nasuri haitokani na laana bali na kuchelewa

Mtaa wa Kiwanjani mjini Isiolo u jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2017. Walakini mama wa Merti au Sericho anayeshikwa na uchungu usiku angali akitegemea gari la kubahatisha na kilomita nyingi za vumbi kabla ya kufikishwa hospitalini mjini. Katika pengo hilo huzaliwa maradhi ambayo wengi wetu huona haya hata kuyataja: nasuri ya uzazi.

Mtoto anaponasa nyongani kwa siku moja au mbili bila msaada, kichwa chake hukibana kibofu cha mama kwenye mfupa. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache hubanduka na kuacha tundu. Tangu hapo mkojo humtiririka mama usiku na mchana, pengine na kinyesi pia. Mara nyingi mtoto mwenyewe huwa amezaliwa mfu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupatwa na janga hili kila mwaka.

Wapo wanaodai kwamba ni laana au adhabu ya uzinzi. Huo ni upuuzi, tena upuuzi unaovunja ndoa.

Nasuri isichanganywe na kulegea kwa misuli inayoshikilia kibofu, hali inayowapata akina mama wengi, mkojo ukawatoka wakikohoa, wakicheka au wakiinua mtungi wa maji. Hao hufaidika kwa kuikaza na kuilegeza misuli hiyo kila siku, kwa muda wa miezi mitatu hivi. (Ni ajabu kwamba mazoezi yasiyogharimu hata senti hayafundishwi kliniki zote.) Mwenye tundu hawezi kuponywa na mazoezi.

Kinga yake hasa ni upasuaji wa kumtoa mtoto kwa wakati, nao haufanywi katika zahanati. Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Oktoba 2024 ikaja bima mpya ya SHA, ambayo hospitalini hudai mchango uwe umekwisha kulipwa. Mpango huo ulipoanza, asiye na mshahara alitakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua Sh3,600. Je, mfugaji aliyepukutikiwa na mifugo katika ukame uliodumu tangu 2020 hadi 2023 angezitoa wapi? Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013. Bunge la kaunti halina budi kueleza ni nani anayemlipia mama huyo, na ambulensi ya Merti hulala wapi.

Walimu nao wana sehemu yao. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa miaka 18, na mwalimu ndiye wa kwanza kuona dawati tupu. Msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa yumo hatarini zaidi.

Kwa aliyekwisha kuumia, tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kuziba lenyewe akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki nne hivi. Likikawia, itambidi kushonwa na daktari bingwa, na kutoka Isiolo hadi hospitali ya Gynocare, Eldoret, ni safari ndefu ya matatu kwa mtu asiyeweza kuzuia mkojo.