Je, Kuomba Msaada wa Masomo ni Aibu?

Kila mara matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, furaha na wasiwasi huingia nyumbani pamoja. Mtoto amepata diploma. Chuo kikuu kiko Goma au Bukavu. Basi nani atalipa? Tangu Septemba 2019 Serikali ya Kongo iliondoa karo katika shule za msingi za umma, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza, lakini neema hiyo haikufika chuoni.

Hapa Kirotshe twaijua jamaa moja iliyogawanyika kwa ajili ya jambo hili. Mama huuza sambaza sokoni, baba hulima maharagwe na ndizi. Binti yao alipata alama nzuri sana, naye mwalimu wake akamshauri aombe msaada wa masomo. Baba akakataa kutia sahihi. "Sisi si ombaomba," akasema. "Watu watanena kwamba nimeshindwa kumlea mwanangu." Mama alinyamaza, maana ndiye aliyejua kiasi kilichomo sandukuni.

Hatumcheki mzee huyo. Mtu aliyelima maisha yake yote bila kukopa chumvi kwa jirani ana haki ya kuogopa maneno ya watu. Lakini maskini wa njiani hupewa sarafu, na hakuna amwulizaye kesho ameitumiaje. Mwanafunzi anayesaidiwa hudaiwa alama kila mwaka, na akianguka, mara nyingi msaada hukatwa. Aibu iko wapi katika kazi ya namna hiyo?

Tena jambo hili si geni nchini mwetu. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa na Wakatoliki mwaka 1954 huko Kinshasa (wakati ule Léopoldville), kilikuwa na wanafunzi waliopokea fedha za Serikali za kujikimu, wala hatujasikia kwamba wazazi wao waliona haya. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi hao waliandamana wakidai, pamoja na mengine, kwamba fedha hizo ziongezwe. Askari wakawapiga risasi, na vijana wengi wakafa. Siku hizi msaada wa namna ile haumfikii kila mwanafunzi, sharti kushindana. Mpango wa Excellentia, wa taasisi ya Mama Denise Nyakeru Tshisekedi, huwatazama waliong'aa katika mtihani wa Serikali. Mpango wa BEBUC, uliotungwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na wenzake Wakongomani, huwatafuta hasa wale watakaoweza kuwa walimu wa vyuo vikuu. Asiyeomba hahesabiwi kabisa.

Je, kila mtu aombe? La. Mwenye ng'ombe wa kutosha kule Masisi, anayewaficha ili mtoto wake alipiwe, anamnyang'anya mtoto wa mjane.

Kwanza jamaa waketi na daftari. Karo ni sehemu moja tu. Waandike kodi ya chumba, chakula, nauli, vitabu na karatasi za masomo, ada za mitihani, dawa. Kisha waulize msaada unalipa nini kati ya hayo, na kwa miaka mingapi. Tumeona vijana waliolipiwa karo wakarudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu hawakuwa na unga. Pengo likionekana mapema, wajomba na shangazi waweza kuitwa; likionekana mwezi wa tano, kila mmoja ana udhuru.

Kuna jambo linalotuchukiza. Wapo wazazi wanaomwambia mtoto aandike kwamba ni yatima, ilhali baba yake yuko mlangoni anamsikiliza. Uongo huo ni dhambi, na ukijulikana hata mtoto wa jirani hataaminiwa tena. Andikeni tu: baba ni mkulima, mama ni mchuuzi wa samaki, watoto ni saba. Ukweli huo hauhitaji kutiwa chumvi. Naye mtu awaombaye dola ili "asukume faili", mpiteni mbali, hata kama amevaa tai.

Barua ya Paroko mara nyingi husaidia, lakini msiiendee siku ya mwisho. Padri hawezi kumshuhudia kijana asiyemjua.

Mwisho ni habari ya vyeti. Vita vilipofika Minova na Sake mwezi wa Januari 2025, watu wengi wa pande hizi walikimbia mikono mitupu. Diploma iliyobaki chini ya godoro haimsaidii mtoto aliye mbali. Toeni nakala mbili tatu, zithibitishwe, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine; ile ya asili ifungwe katika mfuko wa nailoni, mahali ambapo hata mdogo wa nyumba anaweza kuichukua usiku.