Mahindi ya Kuuza Yana Cheti, ya Kula Nyumbani Hayana

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Chemba, Kondoa, Kiteto: watu wanatapika, tumbo limejaa, macho ya njano, miguu imevimba. Mwanzoni tuliambiwa ni ugonjwa usiojulikana. Vipimo vikaja kuonyesha kwamba ni sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, yaani kwenye ugali wa kila siku.

Mwaka 2021, mwezi wa tatu, Kenya ikafunga mpaka kwa mahindi yetu kwa sababu hiyo hiyo. Jamani, mliona mbio zile? Mawaziri wakahangaika, na ndani ya siku chache mpaka ukafunguliwa kwa masharti: kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi maikrogramu 10 kwa kilo.

Sina tatizo na cheti. Swali langu ni moja tu: kama mlaji wa Nairobi anastahili cheti, mlaji wa Chemba anastahili nini? Pole?

Tuseme ukweli, wale 20 ni sehemu iliyoonekana tu. Ukila sumukuvu kidogo kidogo huanguki wiki hii. Inakaa inalila ini. Wataalamu wa saratani duniani wameiweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B hatari inapanda hadi karibu mara 30. Chanjo ya homa hiyo kwa watoto wachanga imeanza nchini 2002, kwa hiyo wazazi wetu hawakuipata wakiwa wadogo. Mzee wa Kongwa akifa leo kwa ini, msibani watasema alisumbuliwa na tumbo, na yamekwisha. Hakuna atakayeuliza alikula nini miaka 30.

Halafu kuna watoto. Piga hesabu mwenyewe. Chukua unga ulio ndani ya kiwango cha TBS, maikrogramu 10 kwa kilo. Baba wa kilo 60 anakula gramu 400 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anakunywa uji wa gramu 100 za unga. Kwa kila kilo ya mwili wake, huyo mtoto anabeba mzigo mara moja na nusu ya baba yake. Na hapo unga ni halali kabisa! Ukiongeza karanga zenye kuvu kwenye huo uji, ambao tunauita wa lishe, mzigo unapanda tena. Kupika hakusaidii, sumu hii haifi kwa moto wa jikoni.

Najua mtajibiwa: serikali ilianzisha mradi wa TANIPAC, imejenga maabara, tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS. Sawa, hilo tunalikubali. Lakini mimi nasoma sheria, na naona pengo lilipo. Sheria zetu za chakula zinamwangalia anayeuza. Familia nyingi za huku kwetu zinakula walichovuna. Gunia zuri linapelekwa soko la Kibaigwa, lililonyeshewa linabaki nyumbani. Hilo gunia la nyumbani nani analipima?

Na matokeo ya vipimo vinavyofanyika, wananchi wa kijijini wanayapata lini? Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Sasa kuna jambo muhimu kwa maisha kuliko sumu kwenye ugali? Tukumbuke pia kwamba mwaka 2018 serikali hii hii ya CCM ilibadili Sheria ya Takwimu, ikawa jinai kutoa takwimu zinazopinga za serikali. Kelele zikapigwa, 2019 wakarudi nyuma. Ila woga uliopandwa kwa watafiti hauondoki kwa kubadili kifungu.

Tunachodai ni vitu vitatu, na wala si vya ajabu. Kwanza, mahindi na karanga zilizohifadhiwa majumbani zipimwe kila mwaka baada ya mavuno, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji. Pili, vifo vya ini vihesabiwe, hata vinavyotokea nyumbani. Tatu, familia ikikutwa na mahindi mabaya ipewe mengine kutoka hifadhi ya taifa. Ukimwambia mama amwage gunia lake la mwisho bila kumpa jingine, atalipika tu, na mimi ningelipika.

Kijana unayesoma hapa, usisubiri uchaguzi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa ruhusa ya kuiandikia ofisi ya umma, nayo inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri yako: mahindi ya kata yetu yalipimwa lini mara ya mwisho, na yalikutwa na nini? Weka nakala. Wakikaa kimya, mpe diwani aibebe kwenye baraza. Tukiandika kata 50 kwa mwezi mmoja, hawawezi kusema hawakujua.