NASAHA ZA MWEZI: MZIGO WA PILI



Mwezi huu twataka kusema juu ya maradhi ya huzuni, ambayo madaktari huyaita sonona. Hatusemi huzuni ya siku mbili tatu ambayo kila mwanadamu huipata. Twasema ile imkaliayo mtu majuma na miezi, ikamwondolea usingizi, hamu ya kula na ladha ya kila alichokuwa akikipenda.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Miaka michache iliyopita mama wa mwanafunzi wetu mmoja alitujia akasema, "Maalim, mimi ni mzigo kwa watu wangu." Nasi kwa haraka yetu tukamjibu, "Mwanangu, yaache mawazo hayo, zidisha ibada, imani yako imelegea." Baada ya mwezi alirejea amekonda. "Nimelikataza wazo lile kutwa kucha," akasema, "na kila nikilikataza hurudi na wenziwe. Na sasa nina la pili, kwamba mimi ni Mwislamu mbaya." Mzigo huo wa pili tulimtwisha sisi. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alihuzunika juu ya mwanawe hata macho yake yakawa meupe, wala hapana amwitaye mwenye imani haba. Na Sura hiyo sisi twaisomesha kila mwaka!

Nduguye alimpeleka hospitali, na huko, pamoja na dawa, akawa akizungumza kila juma na mtaalamu wa maradhi ya nafsi. Njia waliyoifuata ilianzishwa na Steven Hayes, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nevada nchini Marekani, aliyeitungia kitabu na wenziwe wawili mwaka 1999. Twaweza kuiita tiba ya kukubali na kujifunga.

Asili yake ni hii. Mgonjwa hutaka huzuni iondoke kwanza, ndipo aishi. Hujifungia ndani, huacha kazi, huwakimbia wageni. Na kadiri aikimbiavyo ndivyo dunia yake izidivyo kuwa ndogo. Wataalamu hao hupiga mfano wa dereva wa basi mwenye abiria wakorofi wampigiao kelele, "Geuka! Hufai!" Akisimama agombane nao, basi haliendi. Akiwatii, laenda watakako wao. Basi na wapige kelele, naye ashike usukani aelekee alikokusudia.

Kadhalika mgonjwa hufunzwa kusema, badala ya "Mimi ni mzigo," kwamba "Nafsi yangu yaniambia kuwa mimi ni mzigo." Ni maneno machache tu yaliyoongezwa, lakini humpa mtu nafasi ya kulitazama wazo asitumbukie ndani yake. Kisha huulizwa ni lipi alithaminilo. Mama huyu alisema, kumwamsha mwanawe na kumleta chuoni mwenyewe. Akajifunga kwa hilo, hata siku ambayo moyo hautaki.

Lakini neno kukubali lisitudanganye. Si kukata tamaa, wala si kuridhia dhuluma. Mke apigwaye haambiwi akubali kupigwa! Kikubaliwacho ni yale maumivu yaliyokwisha ingia moyoni.

Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya vikao vitano kwa njia hii, kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, yasimamiwayo na watu wasio madaktari. Yalijaribiwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kwa wanawake wa Sudan Kusini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki ya nafsi ilikuwa imepungua kwao kuliko kwa wenzao waliopewa mawaidha mafupi tu.

Hatusemi kuwa tiba hii yazipita tiba nyingine nzuri za mazungumzo. Dawa za daktari zisiachwe kwa ajili yake. Na asemaye kuwa ataka kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku ile ile, na nasaha zetu waalimu zingoje.

Juzi mama yule alimleta mwanawe kabla ya wenziwe wote. Tukamuuliza hali. "Leo ni nzito, Maalim," akasema, "lakini nimekuja." Hatukumpa mawaidha. Tulimpokea mtoto, tukamtandikia mkeka.