Manukato Yetu Ni Liwazo, Si Daktari



Msimu wa karafuu ukiisha na majamvi yakakunjwa, wengi wetu huanza kutafuta biashara ndogo ndogo ya kutusogeza mpaka msimu mwingine. Akina mama wa chama chetu hutengeneza udi, na wengine hutia mafuta ya karafuu katika vichupa wakayauza huku kisiwani na bara. Kazi hiyo ni njema, nasi twaisifu. Lakini karibuni tumeona jambo lililotutia wasiwasi, na twaona haifai kulinyamazia.

Tulivuka kutoka Pemba kwenda Tanga, kisha tukashuka kwa gari mpaka Pangani. Watu wa Pangani si wageni kwetu. Wengi wao wana ndugu Pemba na Unguja, na vyombo vyetu vimekwenda na kurudi tangu zama za mababu. Tulipokuwa tukingoja kivuko cha kwenda Bweni, tulimkuta kijana amepanga vichupa vya mafuta ya karafuu na vifurushi vya udi, na juu yake ameandika kwa mkono: Dawa ya Huzuni na Mawazo. Tukamwuliza, "Mwanetu, nani amekwambia ni dawa?" Akacheka, akasema, "Wazee wangu, tangu niandike hivyo zinatoka upesi. Hata ninyi chamani mngechapa maneno hayo, mngeuza zaidi."

Siku ile ile tulikwenda kumjulia hali mama mmoja tuliyejuana naye zamani, ambaye mwanawe alipotea baharini. Tangu msiba ule halali, hali, wala hataki kuzungumza na mtu. Jamaa zake kwa mapenzi yao walimweka chumbani na chetezo kilichojaa makaa, wakatia ubani na udi, kisha wakaziba madirisha kwa kanga ili moshi usipotee. Tulipobisha hodi tukamkuta yu hoi, kichwa kinamwuma, anatapika. Mwenye nyumba akatuambia, "Huzuni imempanda leo." Mmoja wetu akayafungua madirisha, tukamtoa uani penye upepo, na jamaa zake wakampeleka hospitali. Twamshukuru Mungu, akapona. Lakini daktari aliwaeleza kwamba lililomwangusha siku ile ni sumu ya makaa.

Tangu siku hiyo maneno ya yule kijana hayatutoki masikioni. Ndiyo sababu twaandika haya.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatuyadharau manukato. Sisi ni watu wa pwani. Twajua kikuba cha asumini na mrehani kinavyomfurahisha aliyenuna, na udi unavyoibadili nyumba iliyopoa. Wataalamu nao wametueleza sababu: mishipa ya pua huenda karibu sana na sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia. Kwa hiyo harufu moja yaweza kumrudisha mtu harusini kwa dada yake, au jikoni kwa mama yake, kabla hajajua analofikiri. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba kitu kimoja kilichomo katika utomvu wa ubani kiliwapunguzia panya wasiwasi. Kuna pia majaribio kwa watu yanayoonyesha kwamba baadhi ya manukato, kama ya lavenda, huweza kupunguza wasiwasi kidogo. Basi liwazo lipo.

Lakini panya si mtu, na wasiwasi wa siku moja si ugonjwa. Karafuu yetu, pamoja na sifa zake zote, haijathibitishwa kuwa dawa ya sonona, yaani huzuni ile iliyokwisha kuwa maradhi. Anayeandika kwenye chupa kwamba inatibu, anaandika jambo asiloweza kulithibitisha.

Tena yako madhara, na yafaa kila nyumba iyajue.

La kwanza ni makaa. Makaa yanapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi, na mtu huanza kuumwa na kichwa, kuona kizunguzungu, kuchafukwa na moyo na kulegea. Asipotolewa mapema, hufa. Hapa ndipo manukato yanapotudanganya. Pua inanusa udi, nasi twadhani chumba ni kizuri, kumbe sumu imo ndani yake bila kujulikana. Na kwa mtu mwenye huzuni hatari huzidi, maana uchovu na kichwa kizito ni dalili tulizokwisha kuzizoea kwake. Twasema huzuni imempanda, kumbe ni chetezo.

La pili ni moshi wenyewe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani, utokao katika kuni, makaa na mafuta ya taa ya kupikia, uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Ubani na udi si kuni za kupikia, lakini moshi ni moshi. Huko Singapore watafiti waliwafuata Wachina zaidi ya 61,000 kwa muda uliofika miaka 12, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba waliofukiza uvumba nyumbani kwa miaka mingi walipata zaidi saratani za njia ya juu ya pumzi. Hatusemi haya ili watu waache kufukiza siku ya harusi. Twasema ili mtu asikae katika moshi kutwa kucha akidhani anajitibu. Mwenye pumu, mtoto mchanga na mama mjamzito wasiwekwe katika moshi kabisa.

La tatu ni mafuta yetu. Mafuta ya karafuu, yawe ya makonyo kama yale ya kiwanda cha Wawi au ya karafuu zenyewe, si kama mafuta ya nazi. Sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho yujeno, ambacho kina nguvu sana. Wafugaji wa samaki huyatumia kidogo tu majini ili kumlevya samaki wanapotaka kumshika. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10, yaani kama kijiko kimoja au viwili vya chai. Alizimia, akapata degedege, na ini lake likadhurika; aliponea chupuchupu. Basi chupa ile tunayoiacha dirishani ili chumba kinukie yaweza kummaliza mtoto. Yakipakwa ngozini bila kuchanganywa huweza kuunguza. Na anayetumia dawa za hospitali za kuzuia damu isigande asiyanywe hata kidogo, kwani huweza kumzidishia kutoka damu.

La nne, ambalo sisi twaliona kubwa kuliko yote, ni kuchelewa. Mtu akifiwa atalia, na ni haki yake. Lakini ikiwa wiki mbili zimepita na kila siku hana raha ya jambo lolote, usingizi umempotea au umemzidi, chakula hakipiti, anajiona hana thamani, au anasema ni afadhali kufa, huyo ni mgonjwa wala si mvivu, wala hana haya ya kuona. Ugonjwa huo una matibabu: yako mazungumzo na mtu aliyefunzwa, na ziko dawa. Pangani ina hospitali ya wilaya. Katika mkoa huo huo wa Tanga, milimani Korogwe, hospitali ya Lutindi imewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Unguja iko Kidongo Chekundu. Kila siku tunayomfukiza mtu wa namna hiyo tukingoja apone ni siku tuliyomnyima matibabu. Wahenga walikwisha sema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na akisema anataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Labda mwanachama atatuuliza, "Je, tusifukize tena?" La, fukizeni, lakini kwa akili. Milango na madirisha yawe wazi. Makaa yawashwe nje mpaka yaive, na chetezo kikae juu ya kitu kisichoungua, mbali na chandarua na mapazia. Tieni ubani kidogo, kwa dakika chache, kisha chetezo kitolewe nje. Harufu itabaki hata moshi ukiondoka. Mtu asilale na chetezo chumbani, hata kama makaa yaonekana yamekufa. Anayetaka harufu bila moshi, na atie karafuu kavu chache na mchaichai katika bakuli la maji ya moto, akaliweke mezani mbali na watoto. Anayetaka kujipaka, achanganye tone moja la mafuta ya karafuu katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ajaribu kwanza mahali padogo mkononi, wala asiwapake watoto wadogo. Na mtoto akiyanywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali, na chupa mwichukue.

Mwingine atasema, "Ninyi mnatuharibia soko. Wenzetu wanaandika dawa na wanauza, sisi tutabaki na vichupa vyetu." Hoja hii twaiheshimu, kwani sote twajua bei ya karafuu inavyopanda na kushuka, na twajua shilingi inayopatikana baada ya msimu ilivyo na kazi nyumbani. Lakini tufikiri. Karafuu ya Pemba ina jina duniani kwa sababu mnunuzi akifungua gunia hukuta alichoambiwa. Jina hilo limejengwa na wazee wetu kwa kuchambua makonyo na kuanika vizuri, kazi ya miaka mingi. Laweza kuvunjwa na chupa moja iliyoahidi uongo, siku mtoto wa mtu atakapokufa nayo mkononi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafuta yetu ni mema, hayana haja ya kutembezwa kwa jina la udaktari.

Kwa hiyo tutapeleka mbele ya mkutano mkuu ujao mambo matatu, na twaomba kila tawi liyazungumze kabla ya siku hiyo. Moja, chupa au kifurushi chochote chenye jina la chama kisiandikwe kuwa ni dawa ya huzuni, mawazo au ugonjwa wowote. Kiandikwe kuwa ni manukato. Mbili, kila chupa iwe ya kioo cha rangi ya giza, kwa kuwa mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki, iwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua kwa wepesi, na iwe na maneno ya Kiswahili yenye kusomeka: Usinywe. Weka mbali na watoto. Tatu, kila kifurushi cha udi kiwe na maneno haya: Fungua madirisha. Usilale na chetezo chumbani.

Karatasi ya namna hiyo itaongeza gharama kidogo, hatukatai. Lakini mnunuzi wa Pangani, Tanga au Mombasa akiisoma atajua kwamba chama hiki kinamjali hata baada ya kupokea fedha yake.

Yule mama tulimtembelea tena kabla hatujarudi. Alikuwa amekaa barazani na dada yake wakichambua mchele, na siku ya kurudi kwa daktari walikuwa wameipanga pamoja. Huzuni yake haijesha, wala hakuna aliyemwambia iishe. Dada yake alikuwa amefukiza udi kidogo mlangoni, upepo wa bahari ukiuchukua. Mama akavuta pumzi akasema, "Huu ndio udi aliokuwa akiupenda mwanangu." Akalia kidogo, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Manukato yetu yana kazi hiyo, nayo si haba. Tuyauze kwa kazi hiyo, na ile nyingine tuwaachie wenyewe.