Safu ya Familia: Anayepanda Ghorofani Ana Wanaomngoja

Wiki hii tunazungumza na akina mama ambao vijana wao wametoka Likoni, Kisauni au Malindi kwenda kutafuta riziki Nairobi, na wale wenye jamaa Pumwani Majengo, Eastleigh, Kayole na Umoja. Katika mitaa hiyo ya mashariki ya jiji majumba ya ghorofa yanaota kila uchao, na miongoni mwa mikono inayoyajenga imo ya watoto wetu. Kijana akipiga simu kusema amepata kazi ya mjengo, humshukuru Mola, tukamwombea dua. Ni mara chache tunamwuliza kazi yenyewe inafanywaje.

Na tuulize, hasa habari ya siku ya kumimina zege. Siku hiyo vibarua huitwa kwa wingi tangu asubuhi, karai zikapita mkono kwa mkono, na kazi haisimami mpaka sakafu ijae. Zege bichi ni zito mno: meta moja ya ujazo hukaribia kilo 2,400. Sakafu yenye unene wa sentimita 15 hulemea kwa kilo 360 hivi katika kila meta ya mraba, kabla ya kuhesabu watu na vifaa. Uzito wote huo hubebwa na mbao na miti ya kuegemeza. Mti mmoja ukipinda, au ukisimamishwa juu ya udongo uliolowa mvua, waweza kuponza kundi zima. Kwa hiyo miti ikaguliwe na mwenye ujuzi kabla ya karai ya kwanza kupanda, na zege linapomiminwa watu wasikae chini yake.

Hatari ya pili ni kuing'oa miti mapema, au kupandisha ghorofa nyingine juu ya sakafu changa. Zege huonekana kavu kwa siku chache, lakini wahandisi huipima nguvu yake kamili kwa siku 28. Mwenye nyumba aliye na pupa ya kodi huziona siku hizo kuwa hasara, na haraka haraka haina baraka. Januari 2006, katikati ya Nairobi, jengo lililokuwa bado likijengwa liliwaangukia wafanyakazi waliokuwa kazini. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, ghorofa sita za Huruma ziliporomoka na kuua watu wapatao 50, familia zikiwa majumbani mwao. Ujenzi mbovu humtisha kwanza fundi, kisha humfuata mpangaji hadi kitandani.

Ipo na hatari isiyo na kishindo. Saruji mbichi huunguza ngozi. Haiumi papo hapo, na ndiyo sababu kijana hupiga magoti ndani yake saa nzima bila habari, akaja kuona vidonda usiku. Avae buti za mpira, glovu na suruali ndefu. Nguo ikilowa zege aivue upesi, na ngozi aioshe kwa maji safi mengi. Mama anayefua nguo za mwanawe na kuona magoti yaliyobabuka asidhani ni uchovu tu.

Wako watakaosema ajali ni kadari. Kadari tunaiamini, lakini tawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Tena kuamini kadari hakuondoi haki ya aliyeumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kuwakinga wafanyakazi wake na kuwapa mavazi ya kujikinga. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka awe na bima kwa ajili yao, na madai ya fidia yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au kifo. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, basi kibarua asiambiwe hana haki kwa kuwa hakuandikiwa karatasi. Mjane akimaliza eda akaambiwa anyamaze kwa kuwa yamekwisha kupita, ajue kuwa miezi inahesabika, na kwamba anachodai ni haki ya mayatima wake.

Basi kijana akipiga simu tena, mwulize: jina la mwajiri ni nani? Kazi iko mtaa gani? Miti imekaguliwa na nani? Umepewa kofia ngumu na buti? Majibu yaandikwe na kuwekwa nyumbani, kwani siku ya msiba hayo ndiyo yanayotafutwa na hayaonekani.

Na miongoni mwetu wamo pia wanaojenga. Kumlipa mfanyakazi ujira wake kwa wakati ni wajibu tunaoujua sote. Kumrudisha kwao mzima jioni ni sehemu ya wajibu huohuo, maana ametoka nyumbani mwao akiwa amana mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq.